Malipo ya uhifadhi bonde la Zigi: kaya zipi zitapanda kipato, na zipi zitabaki nyuma?

Mjumbe wa Maliasili (Muheza)

Asalaam aleikum wanajukwaa, na shikamooni wakubwa wote mliomo humu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maliasili katika kijiji kimoja cha tarafa ya Amani, wilaya ya Muheza, kule juu vinakoanzia vijito vinavyoulisha mto Zigi. Halmashauri ya kijiji chetu imeletewa pendekezo la mpango wa malipo ya uhifadhi. Wenye mashamba kando ya mito na kwenye miteremko mikali wataacha kulima mahindi, magimbi na tangawizi, watapanda miti na majani ya kushika udongo, na kila mwaka watalipwa kwa kadiri ya ekari walizozitoa, kwa mkataba wa miaka 5. Lengo ni kupunguza tope katika maji yanayoteremka hadi bwawa la Mabayani, ambako Tanga mjini wanapata maji yao.

Uhifadhi wenyewe sina ubishi nao. Ninachotaka kuelewa ni upande wa mifuko ya watu. Kijijini kwetu familia chache zina ekari kumi na kuendelea, nyingi zina ekari moja au mbili, na zipo kaya, hasa za vijana na za akina mama waliofiwa au kuachwa, zinazolima kwa kukodi msimu kwa msimu au kwa kuazimwa kipande na jamaa. Malipo yakifuata ekari, naona dhahiri nani atacheka. Tena kuna jambo linalozidi kututatiza: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo wapo wanaouliza kwa nini mtu alipwe kwa kuacha kuvunja sheria, wakati jirani yake aliyeitii tangu zamani hapati hata senti.

Naomba wenye ujuzi mnieleze. Mahali ambapo mipango ya namna hii imekwishafanyika, kipato cha kaya za vijijini kilipanda kweli? Na pengo kati ya mwenye nacho na asiye nacho lilipungua au lilipanuka? Mkutano mkuu wa kijiji utaitishwa baada ya mavuno, na ningependa niende nikiwa na hoja za kusimamia.

Mchumi wa Raskazone (Tanga)

Waaleikum salaam ndugu Mjumbe. Maswali yako mawili usiyachanganye, kwa sababu mpango unaweza kuinua wastani wa kipato cha kijiji huku ukiwaacha maskini wake palepale walipokuwa, na kwa bahati mbaya wastani ndio unaopenda kuandikwa kwenye ripoti.

Nianze na Costa Rica, kwa kuwa ndiyo nchi inayotajwa kila mahali. Sheria yao ya misitu ilipitishwa mwaka 1996, na malipo yakaanza 1997, sehemu kubwa ya fedha ikitokana na kodi ya mafuta ya magari. Miaka ya mwanzo walionufaika zaidi walikuwa wenye mashamba makubwa na hali nzuri, wengine wakiwa hawaishi hata shambani. Hakuna aliyekaa akapanga kuwanyima wadogo. Ilitakiwa hati ya kumiliki ardhi, ramani iliyopimwa na mtaalamu wa misitu wa kuandika mpango, na gharama hizo ni karibu zilezile kwa mwenye hekta 3 na mwenye hekta 200, ila mwenye hekta 200 anazirudisha kwa malipo ya mwaka mmoja. Baadaye walilegeza masharti ya hati na kutoa kipaumbele kwa maeneo ya wenyeji wa asili na kwa wakulima wadogo. Mlango ulifunguliwa kwa makusudi, usingefunguka wenyewe.

China ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1999 walianzisha mpango wa kubadilisha mashamba ya miteremko kuwa misitu na majani, ambao hatimaye ulifikia kaya zaidi ya milioni 30. Mwanzoni walilipa nafaka pamoja na fedha taslimu: kilo 2,250 za nafaka kwa hekta kwa mwaka katika bonde la juu la mto Yangtze, na kilo 1,500 katika bonde la mto wa Manjano. Huko miteremko mikali ndiyo mara nyingi iliyokuwa ya maskini, na ardhi ilikuwa imegawanywa kwa kaya bila tofauti kubwa sana. Kwa hiyo fedha iliyoifuata miteremko iliwafuata maskini bila kuwatafuta. Ndiyo maana tafiti kadhaa za huko zimeona pengo likipungua kidogo, ingawa si kila mahali. Lakini angalia chanzo cha ongezeko la kipato. Kwa kaya nyingi halikuwa lile gunia la nafaka. Lilikuwa mikono iliyoachwa huru na kilimo ikaenda kutafuta ajira viwandani na mijini. Kaya yenye kijana wa kusafiri ilifaidi mara mbili. Kaya ya wazee watupu ilifaidi mara moja. Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiambiwa "China ilifanikiwa", uliza vijana wa kijiji chako wakiacha kulima tangawizi watakwenda kufanya kazi gani, na wapi.

Karibu zaidi na sisi kuna Uganda, wilaya za Hoima na Kibaale, ambako kati ya 2011 na 2013 lilifanyika jaribio katika vijiji 121. Takriban nusu ya vijiji vilichaguliwa kwa bahati nasibu, na wenye misitu binafsi huko wakaahidiwa shilingi 70,000 za Uganda kwa hekta kwa mwaka wakiacha kukata miti. Katika vijiji visivyolipwa eneo lenye miti lilipungua kwa asilimia 9.1, na katika vilivyolipwa kwa asilimia 4.2. Kwa mazingira ni ushindi mkubwa. Lakini jaribio lilimhusu mwenye msitu, si mchoma mkaa aliyekuwa akinunua miti kwake, wala kibarua wa kupasua mbao. Tena, kati ya waliostahili, ni kama theluthi moja tu waliojiunga. Wengine hawakuuelewa mpango, wengine walihofia ni hila ya kuwapora ardhi.

Sasa nikupe hesabu ya kubuni, kusudi uione picha. Chukua kaya mbili. Ya kwanza ina kipato cha shilingi 4,000,000 kwa mwaka na inatoa ekari 8. Ya pili ina kipato cha 900,000 na inatoa nusu ekari. Malipo yakiwa 60,000 kwa ekari, ya kwanza inapata 480,000, yaani asilimia 12 ya kipato chake, na ya pili inapata 30,000, kama asilimia 3. Wote wamepanda, na pengo limepanuka. Fedha ileile, 510,000, ukiigawa sawa kwa kaya, kila moja inapata 255,000: kwa ya kwanza ni kama asilimia 6, kwa ya pili ni asilimia 28. Fungu halikubadilika hata kwa shilingi moja, ila kipimo cha kugawia kimegeuza matokeo yote. Na bado hatujatoa hasara ya tangawizi ambayo haikulimwa.

Kuhusu mita 60, mimi ningeliepuka neno "kulipwa kwa kuacha". Mlipwe kwa kazi: kuchimba mashimo, kupanda, kupalilia miche, kutengeneza matuta, kulinda. Hapo hata aliyekwishaacha kulima ukingoni zamani anaweza kupewa kazi na ujira, na hoja ya kumtunuku mvunja sheria inakosa miguu.

Bi Mkulima (Muheza)

Mimi ni miongoni mwa hao akina mama waliotajwa, na nalima kwa kukodi. Namshukuru kaka Mchumi kwa hesabu zake, lakini kaya ya tatu ameiacha nje, yaani yangu. Sina ekari nane wala sina nusu. Nakodi kipande bondeni, nalima magimbi na mboga, na siku za njaa kati ya palizi na mavuno nauza kuni Muheza mjini. Mwenye shamba akisaini mkataba wa miaka 5, mimi naambiwa tu kwamba msimu ujao nisije. Yeye analipwa na mpango kuliko nilivyokuwa nikimlipa mimi, kwa hiyo hana sababu ya kunionea huruma, nami simlaumu. Na vipande vilivyobaki nje ya mpango vitapandishwa kodi, kwa sababu sote tulioondolewa bondeni tutavikimbilia.

Nimewahi kukaa pembeni nikiangalia wapimaji wakiandikisha watu kwa ajili ya mradi mwingine wa miti. Kijana mmoja anazunguka shamba na simu yake ya kupimia, mwingine ana daftari lenye safu ya "mmiliki". Hakukuwa na safu ya "anayelima". Mwanamke aliyekuwa amepalilia shamba lile tangu alfajiri alisimama na jembe lake begani, akaulizwa mumewe yuko wapi, naye mumewe yuko Handeni anatafuta kibarua. Likaandikwa jina la shemeji yake.

Kwa hiyo ndugu Mjumbe, kabla hamjabishana ni shilingi ngapi kwa ekari, nendeni mkaione hiyo safu ya daftari.

Jirani wa Ruvu (Bagamoyo)

Bi Mkulima umesema neno. Nami nichangie kutoka huku Bagamoyo, ambako mto Ruvu unaingilia baharini na ambako mitambo ya Ruvu Chini inachota maji ya Dar es Salaam. Juu ya mto wetu, katika milima ya Uluguru, mpango wa aina hii ulifanyika kuanzia mwaka 2006 chini ya mashirika ya CARE na WWF, katika eneo la Kibungo. Walipaji waliopatikana ni watumiaji wakubwa wa maji wa huku chini, yaani DAWASCO, shirika la maji la Dar es Salaam wakati huo, na kiwanda cha vinywaji cha Coca-Cola Kwanza. Wakulima walilipwa kwa ukubwa wa eneo na kwa aina ya kazi waliyoifanya juu yake: kuotesha msitu upya, kuchanganya miti na mazao, au kutengeneza matuta na fanya juu, yaani mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu.

Uluguruni ardhi nyingi ni ya ukoo, nayo hufuata upande wa mama. Mtu anaweza kupewa kipande alime maisha yake yote, lakini akipanda miti ya kudumu anaonekana anajitwalia ardhi, na wakubwa wa ukoo watamwuliza. Sasa fikiria mpango unaolipa kwa kupanda miti. Mwenye haki kamili ya ardhi anapanda na kulipwa, na mwazimwaji, hata awe na bidii namna gani, hana ruhusa ya kushika mche. Kipengele hicho kimoja kinachoonekana cha kitaalamu tu, yaani ni mti gani upandwe, kinaweza kuamua nani aingie kwenye orodha. Matuta na majani ya tembo hayana tatizo hilo, kwa kuwa hayadai umiliki, na majani ya tembo yanalisha ng'ombe wa maziwa. Ningekuwa nyinyi ningesisitiza kazi hizo zilipwe kwa kiwango kizuri.

Jambo la pili ni uhai wa fedha. Kwa uzoefu wa Uluguru, walipaji wa chini ya mto ni wachache, na wakiwa wachache mpango unategemea hiari yao. Nyinyi Tanga mna nafuu kidogo, kwa kuwa mamlaka yenu ya maji imezoeana na wakulima wa huko juu kupitia UWAMAKIZI, umoja wao wa Kihuhwi na Zigi, na mwaka 2024 iliuza hati fungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12. Ila msidanganywe na ukubwa wa tarakimu. Hati fungani ni mkopo wa miaka 10 wenye riba ya asilimia 13.5, uliokusudiwa miundombinu ya maji, na utarudishwa kwa ankara za wateja. Si mfuko wa kugawia wakulima.

Kijana wa Ngamiani (Tanga)

Mimi ni mlipaji wa hizo ankara, na naomba niulize swali la mtu wa chini ya mto. Maskini wa mjini, anayenunua maji kwa ndoo, anaongezewa bei ili mwenye ekari kumi kule Amani alipwe? Naona humu pengo linapimwa ndani ya kijiji tu.

Mchumi wa Raskazone (Tanga)

Swali lako ni la haki, ndugu yangu. Kwa jumla maskini wa vijijini ni wengi kuliko wa mijini: utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulionyesha asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wakiishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, na vijijini ilikuwa asilimia 31.3. Kwa hiyo fedha inayopanda mlima kwa kawaida inaelekea kwa wenye hali ngumu zaidi. Lakini kawaida haimhusu kila mtu, na mfano wako wa mnunua ndoo kulipia mwenye ekari kumi unaweza kabisa kutokea. Njia mojawapo ya kuuzuia ni kumtoza mtumiaji mkubwa kwanza, kiwanda na hoteli, kabla ya kumgusa mwenye bomba moja uani.

Karani Mstaafu (Korogwe)

Wanangu, nimewasoma kwa makini. Watu wa Usambara hawaanzi leo kuambiwa wabadilishe kilimo kwa ajili ya udongo. Mwaka 1946 mkoloni alianzisha mpango wa Mlalo, kule Lushoto, wa kulazimisha matuta, na kazi ile ngumu ikawaangukia zaidi wanawake, wala hapakuwa na malipo ya kuzungumzia. Watu waliuchukia, hatimaye ukafa. Waluguru nao mwaka 1955 waliingia katika fujo kwa sababu ya matuta hayohayo. Nayasema haya ili mjue kwa nini wazee wengine watanuna mkutanoni hata kama fedha ni nzuri.

Lakini funzo la karibu ni Derema, hukohuko kwenu Amani. Msitu ule wa kuunganisha vipande vya misitu ya Usambara Mashariki ulikuwa na mashamba ya iliki ya wakulima zaidi ya 1,000, na katika muongo wa 2000 walilipwa fidia waache kulima. Fidia ile ilihesabiwa kwa mimea, shina kwa shina. Najua fidia ya mara moja si sawa na malipo ya kila mwaka, lakini kanuni ya kugawa ndiyo ileile mnayoijadili. Mwenye iliki nyingi zilizokwishazaa alipata fungu la kujenga nyumba ya bati, na mwenye kipande kidogo alipata za kumalizia madeni dukani. Iliki huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuzaa vizuri, nayo inataka kivuli cha msitu. Ukiondolewa pale, huwezi kuipanda tu popote. Kwa hiyo kilichopotea ni mashina pamoja na mahali pa kuyaoteshea, na hapo pa kuotesha pana thamani ambayo daftari la mashina halikuwa na pa kuiandika.

Na kibarua wa kuchuma iliki? Hakuwa na shina hata moja. Bi Mkulima anajua jibu.

Mjumbe wa Maliasili (Muheza)

Shikamoo Mzee Karani, na asanteni nyote. Bi Mkulima, hilo la safu ya daftari nimelichukua kama lilivyo.

Naomba niulize jambo moja zaidi. Baadhi ya wajumbe wenzangu wanasema dawa ya yote haya ni fedha kuingia kwenye akaunti ya kijiji, ijenge zahanati na madarasa, isigawiwe kwa kaya hata moja. Wanadai hapo hakuna wa kulalamika. Mimi nina wasiwasi, lakini nashindwa kuueleza.

Mchumi wa Raskazone (Tanga)

Wasiwasi wako una msingi. Mradi wa pamoja unaondoa ugomvi wa ekari, lakini hasara inabaki kwa mtu binafsi. Aliyepoteza bonde la magimbi hawezi kuwalisha watoto madarasa. Kwa hiyo ukiweka kila kitu kwenye akaunti ya kijiji, unamtoza mwenye bonde na mwenye kuni ili kijiji kizima kifaidike, na mwenye bonde anaweza kuwa ndiye maskini kuliko wote. Kuna nafuu pale huduma yenyewe inapomwinua mnyonge zaidi. Katika wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinavyouza hewa ukaa ya misitu yao, yaani vinavyolipwa kwa kuitunza misitu inayofyonza hewa hiyo, vimetumia sehemu ya fedha kuwalipia wakazi bima ya afya ya jamii, pamoja na kujenga zahanati na madarasa. Bima ya afya kwa mjane ni kitu kikubwa, kwa sababu ugonjwa mmoja ndio unaomfanya auze mbuzi wake.

Jirani zetu wa Gazi, huko Kwale nchini Kenya, nao wanauza hewa ukaa ya mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013, eneo la hekta 117, na fedha imekwenda kwenye maji na shule. Vanga, ng'ambo tu ya mpaka wa Mkinga, wakafuata. Wakazi wote wanachota maji yale, maskini na tajiri. Lakini aliyekuwa akiishi kwa kukata boriti za mikoko hajalipwa kama mkata boriti. Na kwa wenzetu wa Pangani na Bagamoyo wanaotamani kuiga, kuna kikwazo: huku kwetu mikoko ni hifadhi ya misitu ya serikali tangu enzi za Mwingereza, hivyo kijiji kinaomba kushirikishwa katika usimamizi, hakiuzi cha kwake.

Njia ya tatu ilijaribiwa Kilosa na Lindi kati ya 2009 na 2014, chini ya TFCG, shirika la uhifadhi wa misitu, na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, kwa fedha za Norway. Mkutano mkuu wa kijiji ulikaa, ukatenga sehemu ya fedha kwa shughuli za pamoja, na iliyobaki ikagawiwa kwa wakazi mmoja mmoja, si kwa ekari. Yule asiye na shamba akapokea sawa na mwenye shamba. Fungu la kila mtu lilikuwa dogo, hilo nikubali, na aliyebeba hasara kubwa alikuwa na haki ya kunung'unika. Ila ilitolewa hadharani, orodha ikasomwa mbele ya watu, na kila mtu alijua jirani yake amepata nini.

Mimi nikishauri, ningechanganya. Fungu la kwanza lifidie hasara ya aliyeacha kulima, awe mwenye shamba au mkodi. Fungu la pili liwe ujira wa kazi, likianza na wasio na ardhi. La tatu liende kwenye bima ya afya. Na kiwango kwa ekari kishuke eneo linapokua. Ecuador walifanya hivyo katika mpango wao wa misitu ulioanza 2008: kwa mwenye msitu binafsi, hekta 50 za kwanza zililipwa dola 30 kila moja, na zilizozidi zikalipwa kidogo zaidi kadiri eneo lilivyopanuka. Wenye ekari kumi watapinga. Waacheni wapinge mkutanoni, mbele ya watu.

Bi Mkulima (Muheza)

Hapo kwenye "mwenye shamba au mkodi" nimekuelewa, kaka, na nimefurahi. Lakini mkodi atathibitishaje kwamba ni mkodi? Sisi hatuandikiani. Nampa mwenye shamba fedha yake mkononi, shahidi ni mwanawe.

Karani Mstaafu (Korogwe)

Mwanangu, kitongoji kinajua. Mwenyekiti wa kitongoji na balozi wanaweza kuandika orodha ya waliolima kila kipande kwa misimu miwili iliyopita, nayo ibandikwe kwenye mbao za matangazo ofisini kwa mtendaji kwa muda wa kutosha watu waipinge. Fanyeni hivyo kabla wapimaji hawajafika, na kabla viwango vya malipo havijatangazwa. Vikishatangazwa, wenye mashamba watawafukuza wakodi kwanza, ndipo waandikishe.

Mjumbe wa Maliasili (Muheza)

Hilo la kuandika orodha mapema nitalipeleka kwa mwenyekiti wiki hii, maana viwango bado havijatajwa. Na je, tukitaka baada ya miaka mitatu tujue kama pengo limepungua kweli, tufanye nini sasa hivi? Sisi si watafiti.

Mchumi wa Raskazone (Tanga)

Hamhitaji kuwa watafiti. Chagueni kaya kama hamsini kwa bahati nasibu, zikiwemo zisizo na ardhi, na kabla ya malipo ya kwanza ziulizwe: mmevuna nini, mmeuza nini na kwa bei gani, mmefanya kibarua siku ngapi, kuni mmeokota au mmenunua, nani amewatumia fedha kutoka mjini. Chakula mlichokula kutoka shambani nacho kihesabiwe kwa bei ya gulioni, la sivyo kaya inayolima chakula chake itaonekana haina kitu, na siku ikianza kununua unga itaonekana imeendelea. Ulizeni mara mbili kwa mwaka, mara moja baada ya mavuno na mara moja katika miezi ya njaa, kwa sababu malipo ya Julai hayamsaidii sana anayelala njaa Februari. Kijiji jirani kisicho na mpango kiulizwe maswali hayohayo, ili bei ya iliki ikipanda msije mkausifu mpango kwa kazi ya soko. Kutoka hapo mwalimu wa hesabu wa sekondari yenu anaweza kuwapigia kipimo cha Gini, kinachopima pengo la kipato, ambacho kwa Tanzania Bara kilikuwa 0.38 mwaka 2017/18. Kikikaribia sifuri watu wanakaribia kuwa sawa, kikikaribia moja mmoja amechukua vyote.

Madodoso nitakuandalia ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Niambie tu kama huko mnapima iliki kwa kilo au kwa debe.

Mjumbe wa Maliasili (Muheza)

Kavu kwa kilo, mbichi kwa debe. Weka zote mbili, na karafuu usiisahau.